Umerudi arena baada ya mapumziko marefu na unachapwa kama mgeni: tatizo ni mkono, vifaa au gemu lenyewe?

#1 Mkuki_Butu

Wakuu, heshima kwenu.

Nilikuwa nacheza World of Warcraft (WoW), gemu la mtandaoni la kuigiza wahusika, arena ya 3v3 (watatu kwa watatu), mhusika wangu Mage, yaani mchawi. Niliacha mwishoni mwa toleo la Shadowlands nikiwa na pointi 2100 na ushee, yaani cheo cha Duelist. Maisha yakaingilia kati, nikafuta gemu kwenye kompyuta. Sasa nimerudi, tuko toleo la Midnight. Vifaa vya Conquest (sarafu ya vita vya wachezaji) nimekamilisha vyote, hakuna kiungo cha mwili kilicho wazi. Niko 1500 na kila nikiingia foleni nashuka.

Dai langu, na nataka mnipinge kwa hoja: ukikaa nje zaidi ya toleo moja, kiwango ulichokiacha hukirudii tena. Wenzako waliobaki wamecheza maelfu ya mechi wakati wewe unaangalia mambo mengine. Huwezi kulifidia hilo. Anayesema "fomu itarudi tu" anakufariji.

Karibuni.

#2 Mdoezi_Mtulivu

Nakaa hapa pembeni nisubiri wakongwe.

#3 BibiRemedi

Mkuki, kabla watu hawajaanza kurusha mawe, jibu maswali mawili. Wakati ule ulikuwa unacheza na akina nani? Na sasa hivi unaingia foleni ipi?

#4 Mkuki_Butu

Wakati ule tulikuwa watatu wa kudumu: Rogue (mshambuliaji wa kuvizia), mimi, na Priest mganga. Wote wawili wameacha gemu, mmoja hata akaunti hana. Sasa hivi naingia Solo Shuffle kwa sababu sina mtu.

#5 BibiRemedi

Basi nusu ya uzi imeisha. Wewe hukuwa 2100. Ninyi watatu mlikuwa 2100.

Rogue, Mage na Priest ni mseto ambao nguvu yake yote iko kwenye kupanga. Mmoja anaanza, wa pili anapokea, wa tatu anamalizia. Solo Shuffle ni mchezo mwingine kabisa hata kama uwanja ni uleule. Mnaingia watu sita, waganga wawili na washambuliaji wanne, raundi sita, na kila raundi unabadilishiwa wenzako. Hakuna wa kusema naye kwa sauti. Unachukua pointi za 3v3 na timu yako ya kudumu, unazilinganisha na pointi za foleni ya watu usiowajua, kisha unasema mkono umekufa?

(Halafu hiyo "na ushee". Nimeganga wengi waliokuwa 2100 na ushee. Ushee wenyewe mara nyingi ni pointi tatu.)

#6 Mkuki_Butu

Ilikuwa zaidi ya tatu, Bibi. Tuheshimiane.

#7 Mdoezi_Mtulivu

Nne.

#8 Kakakuona

Bibi ana hoja lakini anakwepa jambo ambalo watu hawapendi kulisikia. Mkono unazeeka. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, wa 2014, uliopima wachezaji wa mtandaoni. Waligundua kwamba kasi ya kuona jambo na kulijibu inaanza kushuka ukifika miaka 24. Ishirini na nne! Mkuki ana umri gani? Na aliacha akiwa na umri gani? Hapo ndipo jibu lilipo.

#9 Hesabu_Kali

Kakakuona, utafiti huo upo, ila umeubeba nusu. Tuuweke sawa.

Kwanza, ulikuwa wa StarCraft 2, gemu la mkakati ambalo mtu anatoa amri bila kupumua. Si gemu la kuigiza wahusika. Pili, walichukua rekodi za mechi za watu 3,305 wenye umri kati ya miaka 16 na 44, wakawalinganisha watu tofauti wa umri tofauti. Hawakumfuata mtu mmoja miaka ishirini wakaona anavyopungua. Tatu, waandishi walewale wanasema wachezaji wakubwa walionekana kufidia ucheleweshaji wao kwa kucheza kwa njia rahisi na zenye ufanisi zaidi. Wanachelewa kidogo, lakini hawaporomoki daraja kwa ajili ya hilo.

WoW ina breki yake pia. Baada ya kutumia uwezo mmoja, mara nyingi unasubiri sekunde 1.5 kabla ya kutumia mwingine, na hata ukiwa na kasi kubwa haishuki chini ya 0.75. Sehemu ndogo za sekunde unazopoteza kwa umri zinamezwa humo.

#10 Kakakuona

Asante kwa masahihisho, lakini na mimi nakusahihisha. Kukatiza uchawi wa mpinzani hakusubiri hiyo sekunde 1.5. Medali ya kujinasua haisubiri. Mage akianza kukugeuza kondoo, usiweze kufanya lolote kwa muda, una sekunde moja na kitu hivi ya kuona, kutambua na kubonyeza. Mechi inaamuliwa hapo hapo. Kule kwingine kote ni kupiga piga tu.

#11 Hesabu_Kali

Hapo sina ubishi mkubwa. Ila wachezaji wazuri hawakatizi kwa kushtuka, wanakatiza kwa kutegemea. Anajua sasa hivi lazima mchawi aanze, kidole kiko tayari. Ndiyo maana kuzuga kunafanya kazi: unaanza uchawi, unaacha katikati, yule aliyekuwa anategemea anapoteza kikatizo chake. Ingekuwa ni kasi tupu, asingezugika mtu.

#12 PingiMiaTatu

Ndugu zangu mnagombania milisekunde ishirini za ubongo. Mimi nina mia tatu za waya. Kondoo namwona nikiwa tayari nimeota sufu.

Kwa wanaorudi wenye intaneti yangu: kuna mpangilio unaitwa SpellQueueWindow. Kiwango cha kawaida ni 400, maana yake gemu linapokea kitufe chako hadi milisekunde 400 kabla uwezo uliopita haujamaliza kusubiri, linakiweka kwenye foleni. Watu wenye laini safi wanapunguza ili wasishikiliwe na kitufe walichobonyeza mapema. Wengi walisoma ushauri huo zamani, wakapunguza, kisha wakahama nyumba au seva na laini ikawa mbaya, wakabaki na namba ileile. Mkuki, kaangalie yako.

#13 Mkuki_Butu

Nimeangalia, iko 400. Sijawahi kuigusa. Lakini shukrani, hilo sikulijua.

#14 Shoka_la_Mbao

Mimi ni wa kwenda na kurudi tangu The Burning Crusade, toleo lililoleta arena mwaka 2007. Kila nikirudi nakuta sababu ya kuchapwa imebadilika, ndiyo maana nashangaa watu wanatafuta sababu moja.

Enzi za Burning Crusade na toleo lililofuata, Wrath, ilikuwa vifaa, hakuna mjadala. Kulikuwa na Resilience, kinga dhidi ya wachezaji wenzako. Ukirudi huna, unakufa wakati mganga wako bado anakutafuta kwa macho. Halafu Legion ya 2016 wakaja na violezo: ukiingia vitani gemu linakuvua takwimu zako na kukuvisha za kila mtu, vifaa vikabaki na mchango mdogo mno. Mimi nilirudi kipindi hicho na nilistarehe. Wengine walichukia, wakasema hili si gemu la kuigiza wahusika tena kama vifaa nilivyohangaikia havina maana. Shadowlands wakageuza tena: kuboresha vifaa kukafungwa kwenye daraja, yaani aliye juu anapata vifaa bora ili akae juu zaidi. Huo ndio msimu alioacha Mkuki. Kuanzia Dragonflight 2022 wakaliondoa, na kikomo cha Conquest cha wiki kinaongezeka wiki hadi wiki, kwa hiyo aliyechelewa anaruhusiwa kukusanya hadi awafikie wenzake.

Kwa hiyo Mkuki, fikiria hili. Ulipokuwa na 2100 huenda sehemu ya uwezo wako ilikuwa vifaa ambavyo wapinzani wako wa 1800 hawakuruhusiwa kuwa navyo. Sasa wote mnavaa sawa.

Halafu walipopunguza levo kutoka 120 hadi 50 kwenye Battle for Azeroth nilipotea kabisa, sikujua hata mhusika wangu yuko wapi.

#15 Ngao_ya_Bati

Shoka, umeeleza vizuri ila hapo mwisho umechanganya. Battle for Azeroth ya 2018 walibana namba za vifaa na takwimu. Levo zilibanwa Oktoba 2020, kwenye kiraka (sasisho) cha kufungulia Shadowlands.

#16 Shoka_la_Mbao

Sawa mkuu. Nimerudi mara nyingi mpaka misimu inanichanganyikia.

#17 Mkuki_Butu

Shoka umenigusa pabaya. Sikuwahi kulifikiria la vifaa upande huo. Lakini wapinzani wetu wa 2100 nao walikuwa na vifaa vilevile vya kwetu, na tuliwashinda.

#18 BibiRemedi

Mliwashinda baadhi yao. Ndiyo maana mkaishia 2100.

#19 Chura_Mweusi

Nitoke nje ya WoW kidogo kwa sababu kuna gemu ambalo linaondoa kisingizio cha vifaa kabisa. Guild Wars 2, toka 2012. Ukiingia vita vya wachezaji kwa wachezaji unapandishwa levo 80 papo hapo, unachagua hirizi ya takwimu, silaha na ujuzi kutoka orodha ileile ya kila mtu. Mavazi yako ya gharama yanabaki kuwa urembo. Watano kwa watano, vituo vitatu, wa kwanza kufika 500.

Nikaacha kabla ya Heart of Thorns, nikarudi baada ya Path of Fire. Vifaa sawa, mkono wangu ulikuwa mzima maana nilikuwa nacheza magemu mengine ya haraka kuliko hilo. Nilichapwa vibaya sana. Sababu ilikuwa moja: sikujua ninachokiona. Matoleo hayo yalileta mielekeo mipya, yaani njia mpya za kumchezesha mhusika, kwa kila taaluma. Mtu anainua mikono, mimi sijui kama nikwepe, nikatize au nimpuuze. Na kukwepa kule kuna akiba ndogo, ukimaliza kwa kukwepa upuuzi, kitu cha kweli kinakukuta huna.

Mkuki, wewe Mage wako umemsoma, sawa. Umewasoma wengine wangapi?

#20 Hesabu_Kali

Hili la Chura ndilo naliona zito kuliko yote hadi sasa. Nitoe hesabu yake. WoW ina aina 13 za wahusika. Mkuki alipoondoka zilikuwa 12: Evoker alikuja na Dragonflight mwishoni mwa 2022, na mwelekeo wake wa tatu, Augmentation, ukaongezwa 2023. Sasa Midnight imempa Demon Hunter mwelekeo wa Devourer. Jumla mielekeo 40. Juu ya hapo Dragonflight iliandika upya miti yote ya vipaji, na The War Within ya 2024 ikaongeza vipaji vya mashujaa. Kwa hiyo hata mielekeo 36 aliyoiacha si ile tena. Majina ni yaleyale, picha nyingi ni zilezile, lakini wanachofanya kwa wakati gani kimebadilika.

Na kinachobadilika kwa ubaya ni kile ulichokuwa unakijua bila kufikiri. Kitu kipya kabisa unakiona ni kipya, unajihadhari. Kitu cha zamani kilichobadilishwa kinakudanganya, kwa sababu mkono unajibu kwa majibu ya 2022.

#21 Mkuki_Butu

Hesabu, hiyo aya ya mwisho ni mimi mtupu. Evoker simwogopi sana, nakaa naye mbali tu. Wanaonimaliza ni Warrior na Paladin, watu niliodhani nawajua.

Ila naona unanisaidia kutetea dai langu bila kutaka.

#22 Mwanafunzi_Daima

Nipinge sasa mimi. Ebbinghaus, Mjerumani, mwaka 1885 alichapisha majaribio yake ya kumbukumbu. Alikuta kwamba hata kitu unachodhani umekisahau chote, ukijifunza upya unatumia muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Akiba inabaki hata kama huioni. Kwa hiyo anayerudi hayuko sawa na mgeni, atapanda haraka kuliko alivyopanda mwanzo. Mkuki akae atulie, acheze.

#23 Kakakuona

Ebbinghaus alikuwa anakariri silabi zisizo na maana, peke yake, yeye ndiye mtafiti na yeye ndiye mtafitiwa. Hakuna Rogue aliyemtokea nyuma.

#24 Mwanafunzi_Daima

Wewe umeleta StarCraft, mimi nimeleta silabi. Tuko sare.

#25 Msafiri_wa_Nyota

Nacheka peke yangu. Sisi wa EVE Online, gemu la meli za angani, tuna kesi ya ajabu kuliko ninyi. Kule tangu 2003 ujuzi wa mhusika unajifunza kwa saa halisi za ukutani. Unaweka foleni ya mafunzo, unafunga kompyuta, akaunti ikiwa imelipiwa unaendelea kupanda ukiwa umelala. Kwa hiyo mtu anaondoka, anarudi, anakuta mhusika wake ana uwezo mkubwa kuliko alivyomwacha! Meli ambazo hakuweza kuziendesha sasa anaziendesha.

Nilirudi hivyo. Nikachukua meli mpya ya nguvu, nikapita lango la kwanza la eneo lisilo na ulinzi, nikavunjwa. Muungano niliouacha ukitawala eneo lile haupo tena, waliokuwa rafiki sasa ni adui. Mhusika alikuwa amepanda, mimi nimeshuka. Ndipo nikajua kwamba mhusika na mchezaji wana daftari mbili tofauti.

#26 Mdoezi_Mtulivu

Meli kubwa, rubani mdogo. Nimeipenda.

#27 Ngao_ya_Bati

Na mimi niweke ya kinyume, maana uzi umekuwa wa matanga. Final Fantasy XIV, kiraka 6.1, Aprili 2022. Waliandika upya mapigano ya wachezaji karibu yote: kila kazi ikapewa kifurushi chake kidogo cha uwezo, tofauti kabisa na unachotumia kwenye mashimo ya mazimwi, wakaleta Crystalline Conflict, watano kwa watano mnasukuma fuwele. Vifaa havihesabiki.

Nilirudi wiki ile ile. Kabla sijaondoka nilikuwa mtu wa kawaida tu. Niliporudi nikapanda kuliko nilivyowahi, kwa sababu waliobaki nao walikuwa wageni. Uzoefu wao wa miaka ulifutwa siku moja. Kwa hiyo Mkuki, dai lako lina sharti ambalo hukulitaja: inategemea umerudi lini. Ukirudi siku gemu limevunjwa na kujengwa upya, unasimama mstari mmoja na kila mtu. Ukirudi katikati ya msimu, umeingia kwenye gari linalokwenda.

#28 PingiMiaTatu

Basi Midnight si ndiyo hiyo? Adoni (programu za nyongeza) zote zilizokuwa zinawasomea watu vita zimebanwa. Ile ya kukuonyesha kikatizo cha adui kimebaki sekunde ngapi, zile za kupiga kelele "amejinasua!", zote gemu sasa linazinyima taarifa. Watengenezaji wa WeakAuras, mojawapo ya adoni hizo, wenyewe walitangaza hawaendelei. Waliobaki wamepoteza fimbo ya kutembelea. Hii ni fursa ya wanaorudi.

#29 Kakakuona

Au ni kinyume. Waliobaki walikaa miaka wakisikia ile sauti mpaka muda wa kupoa wa kila kitu umewaingia kichwani. Ukiwanyang'anya adoni bado wanahesabu. Anayerudi sasa hana adoni na hana hesabu.

#30 Hesabu_Kali

Ngoja nigeuze upande mwingine kabla hatujaenda mbali, kwa sababu tunaongea kama 1500 na 2100 ni urefu wa ukuta. Si hivyo.

Mifumo hii yote ya pointi ni wajukuu wa Elo, mfumo wa kupanga viwango vya wachezaji wa sataranji. Namba yako haipimi uwezo, inapima nafasi yako kati ya watu waliopo sasa kwenye foleni hiyo. Wachezaji dhaifu wakiacha gemu, wewe unashuka bila kupoteza hata chembe ya ujuzi. Mwanzo wa msimu pointi zinakuwa chache, baadaye zinavimba. Blizzard wenyewe, wenye gemu, wamewahi kuinua kiwango kilichofichwa (namba ambayo gemu linaitumia kukupangia wapinzani) katikati ya msimu pale kilipodidimia mno, hasa kipindi cha Dragonflight. Kwa hiyo 2100 ya mwisho wa msimu mmoja na 1500 ya wiki za mwanzo za msimu mwingine haziwekwi kwenye mizani moja.

La pili, Mark Glickman aliutengeneza mfumo wa Glicko kwa sababu Elo haikujua kama mtu amepumzika. Kwenye Glicko kila mchezaji ana namba mbili: kiwango, na kiasi cha shaka. Chukua mtu wa 1850 mwenye shaka ya 50. Mfumo unaamini kwa asilimia 95 hivi kwamba yuko kati ya 1750 na 1950. Akikaa bila kucheza, kiwango hakiguswi lakini shaka inapanda, inaweza kufika 350, sawa na mgeni. Akirudi, kila mechi inamyumbisha sana. Akipoteza chache za mwanzo anaporomoka kwa kishindo na kudhani amekwisha. Guild Wars 2 wanatumia toleo la pili la mfumo huu, Chura atathibitisha.

#31 Chura_Mweusi

Nathibitisha. Mechi zangu za mwanzo namba ilikuwa inaruka kama imepigwa shoti.

#32 Mkuki_Butu

Kwa hiyo Hesabu unasema sijashuka?

#33 Hesabu_Kali

Nasema huwezi kujua kwa kuangalia namba. Na kitu kingine: 2100 ilikuwa kilele chako. Msimu ule ulikuwa unalala wapi siku za kawaida?

#34 Mkuki_Butu

1950, 2000 hivi.

#35 Mdoezi_Mtulivu

Ushee umeanza kuyeyuka.

#36 BibiRemedi

Nimerudi. Mmeandika mengi ya kisomi, mimi nataka kuona mechi. Mkuki, nieleze unavyojaribu kuua. Hatua kwa hatua, kwenye Shuffle, mwenzako akiwa Hunter (mwindaji) kwa mfano.

#37 Mkuki_Butu

Hunter anaanza kumpiga mshambuliaji wao. Mimi namgeuza mganga wao kondoo. Akitoka, namrudishia. Mara nyingi kondoo wa pili hadumu, au Hunter anakuwa ameshamtega kwenye barafu. Mganga anatoka mapema, anamponya mtu wake, tunabaki hatuna kitu.

#38 BibiRemedi

Haya. Kondoo wako na mtego wa barafu wa Hunter viko kundi moja la udhibiti, yaani uwezo wa kumzuia mtu asifanye kitu. Ukirudia kundi moja kwa mtu yuleyule muda unapungua nusu, na ukiendelea unafika mahali haumgusi kabisa, hadi umwache kama sekunde kumi na kitu ndipo hesabu inaanza upya. Sap ya Rogue, pigo lake la kumzimisha mtu kwa muda, nayo iko humohumo. Sasa jiulize, mbona zamani na Rogue wako hukuwa na shida hii?

Kwa sababu yeye ndiye alikuwa anahesabu. Alikuwa anakuambia "bado, bado, sasa". Akiduwaza kwanza, kundi jingine, kisha wewe kondoo, kisha Priest anatia hofu, kundi la tatu. Mganga wao hakupumua. Hukuwahi kuhitaji kuijua hesabu hiyo, ulihitaji kusikia neno "sasa". Mkono haujazeeka hapo, na namba za Hesabu hazihusiki. Kuna kazi ambayo hukuwahi kuifanya, na sasa imekuangukia.

#39 Shoka_la_Mbao

Aisee Bibi.

#40 Kakakuona

Hapa nakubali kwa sehemu. Lakini kumbuka kusubiri hesabu huku unakimbia Warrior na kuzuga uchawi ni kazi ya kichwa chenye nafasi. Kijana wa miaka 19 anazifanya tatu kwa pamoja. Bado mkono na kichwa vimo.

#41 BibiRemedi

Kakakuona, mimi ni bibi kweli, si jina tu. Na hizo tatu nazifanya.

#42 Kakakuona

Shikamoo.

#43 BibiRemedi

Marahaba. Rudi kwenye hoja.

#44 Kivuli_cha_Ngome

Salaam. Nimesoma uzi wote na naona mmeruka woga. Nilipokuwa juu nilicheza mechi nyingi kwa siku bila kufikiri. Niliporudi nilikuwa naingia moja, nikipoteza nafunga, naenda kusoma miongozo, naangalia video, narudi kesho. Nilikuwa nalinda jina ambalo hakuna aliyelikumbuka. Seva nzima imebadilika watu, hakuna anayejua niliwahi kuwa nani, lakini mimi nacheza kama natazamwa. Kucheza kwa woga ni kutumia kinga zote mapema. Nilikuwa najinasua kwenye kitu kidogo, kikubwa kinakuja sina.

Nikahamia mhusika mwingine ambaye sikuwahi kupanda naye. Woga ukaisha siku hiyohiyo. Ujuzi haukubadilika.

#45 Chura_Mweusi

Kivuli, hiyo ya kubadilisha mhusika nimeiona kwa watu wengi. Ila inaniuma maana inavuruga hoja yangu. Kama tatizo ni kutowasoma wapinzani, mhusika mpya angekuongezea shida.

#46 Kivuli_cha_Ngome

Iliniongezea. Nilikuwa napoteza na nacheka, nikacheza mechi nyingi zaidi, nikawasoma.

#47 Mwanafunzi_Daima

Ebbinghaus angefurahi.

#48 Kakakuona

Mwacheni marehemu apumzike.

#49 Mkuki_Butu

Wakuu nimewasikia. Leo nimeingia mechi kadhaa, nikakaa bila kumrudia mganga na kondoo hadi hesabu iishe. Kwenye raundi nilizopata mwenzangu Rogue tuliua. Nikiwa na Hunter bado vurugu, maana nikisubiri mimi, yeye hasubiri. Na Warrior bado ananifuata mpaka nguzo ya mwisho. Pointi zimepanda kidogo, zikashuka.

Dai langu silifuti. Nalipunguza: peke yako hurudi ulipokuwa. Sasa natafuta watu wa 3v3. Bibi, wewe si Priest?

#50 BibiRemedi

Ni Priest. Ila nina masharti, sauti iwashwe, na neno "sasa" utalisema wewe.

#51 Hesabu_Kali

Mkianza, andika kiwango kilichofichwa kinachoonekana kwenye ubao mwisho wa kila mechi, si pointi zako. Pointi za msimu zinaanzia sifuri, zinapanda tu mwanzoni zikiifuata hiyo namba. Usije hapa kushangilia kitu kisichokuwepo.

#52 Shoka_la_Mbao

Rogue mmempata?

#53 PingiMiaTatu

Mimi ni Rogue.

#54 BibiRemedi

Hapana.

#55 Mkuki_Butu

Bibi, mpe nafasi. Anaijua SpellQueueWindow.

#56 Mdoezi_Mtulivu

Atamduwaza mganga wakati mechi imeshaisha.

#57 PingiMiaTatu

Nabonyeza mapema. Nimeishi hivi miaka yote, nategemea badala ya kushtuka, Hesabu mwenyewe amesema huko juu ndivyo wazuri wanavyofanya.

#58 Hesabu_Kali

Nilisema. Sikumaanisha hivi.

#59 Kakakuona

Kama mtafika 2100 mkiwa na bibi, mstaafu na mtu wa mia tatu, nitafuta kila nilichoandika kuhusu mkono.

#60 BibiRemedi

Usifute, tutakusomea. Mkuki, ingia saa yoyote jioni, nitakualika kwenye kikundi. Pingi, na wewe, ila zima kila kitu kingine kinachokula intaneti.